Kigoda cha Kushoto kwa Mjomba

Harufu ya mafuta ya karafuu ilinipata ofisini, Ganjoni, saa nne ya asubuhi, nikiwa sina habari. Mwenzangu Mueni, mtu wa bara ambaye ninachora naye ramani za nyumba, alikuwa ameteguka mkono wa kushoto, na ni mimi niliyempelekea kichupa cha mafuta hayo ya kuchulia. Akajichua, akafunga kitambaa, kisha akaniita. "Nishikie rula nipige mstari." Nikaishika. Kufika mstari wa tatu nikaona tunachelewa, nikamwambia alete kalamu nimchoree mimi. Akanitazama. "Hapana, dada. Wewe shika tu. Mchoro ni wangu."

Niliishika rula mpaka adhuhuri, lakini akili yangu ilikuwa imeshakwenda Mji wa Kale, kwenye nyumba ya Bibi, ambako harufu hiyo ilikaa kwenye mito, kwenye mapazia, na mimi niliisikia hata kwenye chai.

Ilikuwa harufu ya Mjomba Badi, nduguye mama. Ujana wake aliumaliza kwenye mahoteli ya ufuoni akiwapigia watalii rokenroli kwa gitaa, zile nyimbo za zamani za Kizungu za magari mekundu na wasichana wasiorudi. Kisha akapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, mkono wa kushoto haukurudi, hata kwa kuchuliwa mafuta ya karafuu kila siku. Gitaa aliwaachia wenzake wa bendi. Alichobaki nacho ni ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne ambalo mgeni mmoja alimwachia hotelini, nao ulining'inia msumarini juu ya kitanda chake ukila vumbi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Bondeni, na siku ya Alhamisi chuoni, kusoma Kurani, hatuendi. Mama hakupenda nizurure, kwa hivyo kila Alhamisi nikitoka skuli nilipelekwa kwa Bibi. Alhamisi moja Mjomba akanionyesha ule msumari kwa kidevu, akaniambia nimtungulie. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikafika kushoto kwa kiti chake. "Ndoo, kaa hapa," akaniita.

Nyuzi zilikuwa zimekatika, tukatia za mshipi wa kuvulia samaki, alioutoa jirani mmoja anayefanya kazi Liwatoni. Nilizipanga kwa akili zangu, nene juu, nyembamba chini. Mjomba akazikwaruza mara moja, akacheka mpaka akakohoa. Kumbe uzi wa juu wa ukulele nao ni mwembamba. Ndio unaoufanya ucheke, alisema. Nikafungua, nikaanza upya.

Ukulele ulilala mapajani mwake. Yeye alizikwaruza nyuzi kwa mkono wake wa kulia, mimi nikazibana shingoni kwa mkono wangu wa kushoto. Rokenroli, alinihakikishia, ni mishiko mitatu tu, na atakayekwambia ni minne anajidai. Wa kwanza ni wa kidole kimoja, wa pili vidole viwili, wa tatu vidole vitatu, na hayo ndiyo majina tuliyoyatumia. "Moja," alisema, akaenda nayo kitambo. "Mbili. Rudi moja. Tatu. Mbili. Rudi moja." Nikichelewa kubadili, alinigusa kwa goti. Ncha za vidole ziliniuma, zikatoka malengelenge, kisha zikawa ngumu hata nikaweza kushika sufuria ya moto bila kitambaa, nikawaringia binamu zangu. Maneno ya nyimbo Mjomba aliyajua nusu, nusu ya pili akaijaza mwenyewe kwa midomo. Bibi, ambaye kila siku alilalamika kwamba nyumba imegeuzwa hoteli, alikuna nazi yake kwa mwendo wetu, na tukisimama sisi, naye alisimama.

Jambo moja lilinikera. Ulipita karibu mwaka mzima, Mjomba hajanipa upande wa kulia hata siku moja. Nikimwomba, alisema, "Huu ni wangu. Wewe shika wako." Nilimwona mchoyo. Nilimsema hata kwa mama, kwamba Mjomba ananifunza nusu ili nisije nikamshinda.

Ramadhani ikaingia. Kwa amri ya Bibi, ukulele ukafungwa kwenye leso yake ya kujitanda ukawekwa juu ya kabati, nami nikapata mwezi mzima wa kufanya njama. Alasiri, nikingoja futari, nilijifungia chumbani na chanuo la mama, nikayakwaruza meno yake: shuka, shuka, panda, shuka, vile vile mkono wa Mjomba ulivyokwenda. Chanuo lilivunjika meno matano. Mama alimshuku kila mtu isipokuwa mimi.

Siku ya Idi nilivaa gauni jipya, mikono imepakwa hina, tukaenda kwa Bibi. Nyumba ilijaa watu. Niliuteremsha ukulele, nikazikaza nyuzi, na badala ya kukaa kwenye kigoda nikasimama katikati ya chumba. Nikapiga ule wimbo wa gari jekundu, mwanzo hadi mwisho, mikono yote miwili yangu. Ilikuwa ni zawadi yangu kwa Mjomba, aone kwamba amefunza mtu akajua.

Mama alipiga vigelegele. Bibi alisema mashaallah, kisha akajifanya hakusema. Mjomba hakuvitazama vidole vya kushoto, alivyovifunza yeye. Aliutazama mkono wangu wa kulia. Wake ulikuwa gotini, ukishuka, ukishuka, ukipanda. Halafu ukatulia.

"Ushajua," alisema. "Basi uchukue. Ndio mkono wako wa Idi."

Watoto wenzangu siku hiyo walizunguka nyumba hadi nyumba wakidai mkono wa Idi, wakipewa peremende. Mimi nilirudi Bondeni na ukulele kwapani, sisemeki. Alhamisi iliyofuata sikuona haja ya kwenda. Baadaye niliupeleka mara mbili tatu nikampigia, naye akasikiliza kwa adabu, kama mtu aliyealikwa. Aliishi miaka sita mingine na hakuniambia kitu.

Nilidhani alikuwa akinifunza. Kumbe mwaka ule wote Mjomba alikuwa akipiga. Alipata mkono wa kushoto, mdogo, wenye kuchelewa kwenye tatu, lakini mkono, na kila Alhamisi aliungoja. Nami nikaenda kumwonyesha mbele za watu kwamba wake wa kulia hauhitajiki. Niliyaona haya nimeshika rula ya Mueni, na niliona aibu ambayo miaka kumi yangu haikuijua.

Ukulele ninao mpaka leo, na mwendo wa mkono wangu wa kulia ni wake. Katika miaka ile sita, kila nilipokwenda kumwamkia, kigoda kilikuwa palepale kushoto kwa kiti chake, hakuna aliyekiondoa. Nilikipita, nikakaa kwenye kochi.