Jinsi Tulivyowapima Waliotaka Kuwa Madaktari

Siku yangu ya kwanza ya ualimu niliambiwa nisimame karibu na dirisha na nisiseme neno. Nilikuwa daktari kijana, nimeteuliwa karibuni kuwa msaidizi katika kitivo cha udaktari hapa Bujumbura, na asubuhi hiyo Mkuu wa Idara ya magonjwa ya ndani alikuwa anatahini wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alikuwa mtu mrefu, mwenye tai hata siku za joto kali, na wodi nzima ilinyamaza akiingia.

Ninyi mnaofundisha sasa hamkuujua mtihani ule, kwa hiyo nitaueleza. Tuliuita kesi ndefu. Mwanafunzi alipewa mgonjwa mmoja, akaachwa naye amhoji na kumpima, kisha akasimama mbele ya profesa kueleza alichokiona, kwa Kifaransa. Mgonjwa mmoja, profesa mmoja, alama moja. Wakati mwanafunzi yuko na mgonjwa, hakuna aliyemtazama. Profesa alikuwa anakunywa chai ofisini.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimamishwa dirishani, nilitazama. Kijana wa kwanza hakumgusa mgonjwa hata kidogo. Alisoma faili lake, akarekebisha kola, akasubiri. Wa pili alipasha mikono joto kwa kuisugua, akamwomba mzee ruhusa kwa Kirundi, akampapasa tumbo mpaka akaikuta bandama iliyovimba. Profesa aliporudi, wa kwanza alizungumza Kifaransa kitamu kama anasoma habari redioni. Wa pili alisitasita. Wa kwanza akapata alama kubwa. Wa pili akaponea kwenye tundu la sindano.

Wanafunzi walipotoka nikavunja amri ya kunyamaza. "Profesa, yule wa kwanza hakumgusa mgonjwa."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua inanyesha. "Madamu, daktari ni akili. Mikono itafuata."

Nilirudi nyumbani Kinama, nilikokuwa naishi na wazazi wangu, nikiwaza jambo moja tu. Mikono ikichelewa kufuata, nani anaumia? Toka siku hiyo nilijua kazi yangu itakuwa nini, ingawa sikujua itakuwa ngumu kiasi gani.

Miaka ilipita nikiwa wodini, nikawa mwalimu kamili, kisha nikahamishiwa Ofisi ya Mitihani. Wenzangu walinipa pole. Ilikuwa ofisi ya karatasi na malalamiko, chini ya Makamu wa Dekani, mpasuaji mstaafu aliyeongea kwa sauti ya chini sana hata ikakubidi umsogelee. Nilimwomba ruhusa ya kufanya jaribio dogo: maprofesa wawili wamsikilize mwanafunzi yuleyule, na mgonjwa yuleyule, kila mmoja aandike alama yake bila kumwuliza mwenzake.

"Utawaudhi," alisema.

"Najua, Patron," nilijibu; ndivyo tulivyowaita wakubwa wetu kwa Kifaransa.

"Basi waudhi kwa adabu."

Matokeo tuliyapeleka kwenye kikao cha walimu. Mwanafunzi aliyefaulu kwa profesa mmoja alikuwa ameanguka kwa mwingine, na haikuwa mara moja. Mkuu wa Idara alisoma ile karatasi, akaiweka mezani.

"Tatizo liko wazi," alisema. "Mwenzangu hajui kutahini."

Watu walicheka. Makamu wa Dekani alisubiri kicheko kiishe. "Apana, Profesa," alisema kwa sauti yake ile ya chini. "Tatizo ni sisi wote. Mutoto wa mutu anaanguka ao anapita kulingana na mulango aliogonga."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kutengeneza mtihani wa vituo. Ninyi mmeukuta, mnauona wa kawaida. Kila chumba ni kituo, na kila kituo kina kazi moja: hapa mhoji mgonjwa, pale soma picha ya kifua, kwingine shona kidonda kwenye ngozi ya bandia. Kengele ikilia mwanafunzi anahamia chumba kinachofuata. Mtahini ana karatasi ya vigezo, yaani mambo yaliyokubaliwa mapema ambayo lazima ayaone kwa macho, na anayatia alama moja moja. Wanafunzi wote wanakutana na kazi zilezile na watahini walewale.

Kazi ngumu kabisa ilikuwa kupata wagonjwa wa kuigiza, watu wazima wa afya wanaofundishwa kuumwa. Niliwatafuta Kinama, kwenye kwaya ya parokia yetu. Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Zawadi, mzaliwa wa Uvira, muuza vitenge, mwanamke mwenye kipaji ambacho nusura kituharibie mtihani. Nilimfundisha aseme tumbo linamuuma upande wa kulia tangu jana, basi. Mwanafunzi wa kwanza wa majaribio alipoingia, Mama Zawadi akaongeza kichwa, magoti, na ndoto mbaya.

"Mama Zawadi, tulisema tumbo tu," nilimwambia.

"Lakini Dogiteri, mugonjwa gani anaumwa tumbo peke yake? Mi nilimuonea huruma ule kijana, alikuwa anakosa ya kuuliza."

"Ukimpa huyu ugonjwa mwingine na yule mwingine, tutakuwa tumerudi kulekule. Wote wapate tumbo moja."

Alifikiri. "Sawa. Tumbo moja kwa bote." Na tangu hapo hakuongeza hata kikohozi.

Wakati tunajiandaa, alikuja ofisini mwanafunzi anayeitwa Consolate. Alitoka Bubanza, na alikuwa na kigugumizi. Kesi ndefu ilikuwa imemwangusha mara mbili, zote mikononi mwa Mkuu wa Idara, ambaye aliandika kwamba "hana mpangilio wa mawazo." Kanuni ilisema ukianguka mara ya tatu unafukuzwa. Nilikuwa nimemwona wodini. Alikuwa na mpangilio mzuri wa mawazo, maneno ndiyo yaliyokwama mlangoni.

Nilianza kumwambia kwamba naielewa hali yake. Alinikatiza, polepole, neno kwa neno.

"Dogiteri, mi sitaki hu-huruma. Nataka waone mi-mikono yangu."

"Wataiona," nilisema.

Siku ya mtihani tulitumia vyumba vya kliniki ya nje, siku ya mapumziko, bila wagonjwa wa kweli. Mkuu wa Idara alikataa kutahini lakini alikuja, akakaa ukumbini na tai yake kama mtu aliyekuja msibani. Consolate alipita kituo baada ya kituo. Kwa Mama Zawadi alikwama mara kadhaa, lakini aliuliza kila kilichopaswa kuulizwa, na tumbo alilipima kwa utaratibu wote. Wagonjwa wetu nao walikuwa na alama zao za kutoa. Mama Zawadi aliniambia baadaye, "Ule musichana anasema kidogo, lakini anasikiaka."

Kisha akaingia kituo cha mtoto mchanga. Mezani kulikuwa na mwanasesere wa mpira, mtoto aliyezaliwa sasa hivi na hapumui. Mtahini alikuwa Mkuu wa Wakunga wa wodi ya uzazi, mama aliyepokea nusu ya mji huu. Kigezo kikubwa cha kituo kile ni kimoja: ukimkausha na kumsugua mgongo na bado hapumui, mpe hewa kwa mfuko na kinyago ndani ya dakika ya kwanza. Mengine yote yanasubiri. Consolate alimkausha vizuri. Alimsugua. Akamfyonza makamasi, akamsugua tena, akamfyonza tena. Kengele ililia kabla hajagusa kinyago.

Jioni tulikaa kuamua. Jumla ya alama za Consolate ilikuwa miongoni mwa za juu. Lakini tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba vituo viwili, cha mtoto na cha mama anayetoka damu, havifidiwi na vingine. Dekani, mtu mwema aliyependa vikao viishe mapema, alifunga faili.

"Wastani wake ni mzuri. Apite, twende nyumbani."

Mkuu wa Idara alinigeukia. Hakuwa na kejeli, nakumbuka vizuri. Alitaka kweli kujua. "Madamu, huyu ndiye uliyempigania. Sasa unasemaje?"

Nilijua nikisema "apite" hakuna atakayenipinga. Nilijua pia nikikataa, kanuni itamfukuza, na mtihani nilioutengeneza mimi utakuwa umemaliza kazi iliyoanzwa na ule wa zamani. Mkuu wa Wakunga alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Mtoto asiyepumua hana wastani," nilisema. "Hajapita."

Dekani alivua miwani. "Basi amefukuzwa."

"Apana. Hajapita kituo kimoja. Akajifunze hicho, arudi atahiniwe hicho."

"Kanuni haijui vituo, Madamu. Kanuni inajua kupita na kuanguka."

"Basi tuiandike upya. Leo. Mimi siondoki hapa."

Tulibishana. Wengine walisema ni upendeleo, kwamba wengine waliofukuzwa hawakupewa nafasi kama hiyo. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake na iliniuma. Aliyetukata maneno ni Mkuu wa Idara.

"Mimi nilimwangusha mara mbili," alisema, "na mara zote mbili hakuna aliyeweza kumwonyesha alipokosea, hata mimi mwenyewe. Leo tunajua alipokosea, na tunajua wa kumfundisha amekaa hapa." Alimwelekeza kidole Mkuu wa Wakunga. "Mtu hafukuzwi siku ileile mliyojua dawa yake."

Kanuni iliandikwa palepale, na Dekani akaitia saini huku akitazama saa yake.

Kumwambia Consolate kuliniwia kugumu kuliko kikao. Nilimweleza yote. Alinisikiliza ameshika mkoba kifuani.

"Na we pia, Dogiteri?"

"Na mimi pia. Angekuwa mtoto wa kweli, angekufa."

Aliondoka bila kuaga. Lakini wiki iliyofuata alikuwa wodi ya uzazi. Mkuu wa Wakunga hakumbembeleza; alimweka mbele ya mwanasesere kila asubuhi kabla ya kazi, na baadaye mbele ya watoto wa kweli, akiwa amesimama mgongoni pake. Mimi nikipita koridoni, Consolate alinisalimia kwa kichwa tu. Sikumlaumu. Anayekupima si lazima akupendeze.

Marudio tulileta watahini wawili ambao hawakumjua. Mwanasesere aliwekwa mezani, na kabla mtahini hajamaliza kusoma maelezo, kinyago kilikuwa kimeshakaa usoni na kifua cha mpira kinapanda na kushuka. Hakusema neno hata moja. Hakuna kigezo kilichomtaka aseme.

Siku ya kiapo cha udaktari alinijia akiwa amevaa joho lake jeusi. "Dogiteri, bado si-sijakusamehe," alisema. "Lakini nashukuru." Hospitali anakofanya kazi sasa, huko bara, yeye ndiye anayefundisha wauguzi wapya kumfufua mtoto. Nasikia ni mkali kupita kiasi. Mkuu wa Idara alianza kutahini kwenye vituo mwaka uliofuata, na alikuwa mtahini mwadilifu kuliko wengi, ila maneno "mikono itafuata" hakuyasema tena mbele yangu.

Nimestaafu, nakaa Carama, nalima lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba. Sisemi kwamba vituo ni mwisho wa mambo. Nimeona wanafunzi wanaokariri karatasi ya vigezo kama katekisimu, wanamwambia mgonjwa "pole sana" kwa sauti ya mashine kwa sababu "pole" ina alama. Ndiyo maana miaka yangu ya mwisho nilisisitiza mwalimu amtazame mwanafunzi kando ya kitanda pia, na mgonjwa wa kweli, mara nyingi, na amwambie palepale alichofanya vizuri na alichokosa. Alama isiyokuja na maelezo ni sawa na kumchapa mtu gizani. Mtakuja na mbinu nyingine, bora kuliko zetu. Ila msikubali kumpa mtu koti jeupe bila kumwona akifanya kazi.

Mwezi uliopita jirani yangu alinijia na heshima zote, kofia mkononi. Binti yake ameanguka kituo kimoja. "Mama, we unajuana na bale bakubwa. Piga simu moja tu."

"Simu sipigi, baba. Mulete mutoto."

Binti alikuja Jumamosi, anaitwa Divine, ana aibu, na kituo alichoanguka ni kuhoji mgonjwa wa shinikizo la damu. Nilimwambia anihoji mimi, mgonjwa wa kweli wa shinikizo. Alinifunga mashine mkononi, akaitazama, akaitazama tena.

"Mama, iko juu. Dawa munakunywaka kila siku?"

"Ndiyo," nilisema.

Hakuandika. Hakuuliza swali lingine. Alikaa tu, mkono wake bado juu ya mkono wangu, ananitazama kwa upole, mpaka ile ndiyo yangu ikaanza kunielemea.

"Apana," nikasema. "Tangu wiki mbili sijakunywa."

"Basi tuongee kwa nini," alisema, akasogeza kiti karibu.