Kifutio cha Nirvik Tamrakar

Hapa mjini Patan, ghorofa ya tatu juu ya duka la vyungu vya shaba, tulikuwa watu saba tukitengeneza programu ya watoto kuchorea. Mkubwa wetu kwa maneno alikuwa Nirvik Tamrakar. Kwa kazi, hilo ni jambo jingine. Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika fani, na hakuna aliyekaa naye dakika tano bila kuambiwa.

Alipopewa kazi ya kutengeneza kifutio cha programu hiyo, alikimaliza kabla chai haijapoa. Sanumaya Shakya, mwenzetu asiyependa kelele, akakijaribu.

"Kaka, hiki si kifutio. Hii ni kalamu ya rangi nyeupe."

"Karatasi ni ya rangi gani, dada?"

"Nyeupe."

"Basi! Ulitaka nifute hadi karatasi?"

Wanaume wakacheka, nami nikiwemo. Sanumaya akarudi mezani kwake. Kitufe cha kurudisha nyuma nacho Nirvik alikikataa: eti anayejua kufuta hajutii.

Baada ya mwezi tukaenda kuwaonyesha walimu wa shule moja ya hapa mjini, tuliyoandikiana nayo mkataba. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Hiranya, mzee mwenye kofia ya kitambaa cha dhaka chenye nakshi na shingo ngumu, alikaa mbele kabisa. Nirvik akampa mwalimu mkuu kompyuta kibao, picha ikatokea ukutani.

"Mama, jisikie huru. Chora chochote, halafu futa. Utashangaa!"

Yule mama alikuwa mcheshi. Akafungua picha ya mwenyekiti mwenyewe kutoka tovuti ya shule, akamchorea masharubu marefu yaliyopinda mpaka masikioni. Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mzee akatabasamu kidogo.

"Haya, sasa nifutie," akasema.

Mama akafuta. Masharubu yakaondoka, na mdomo ukaondoka nayo. Akaogopa, akasugua zaidi kutafuta pale mdomo ulipokwenda. Pua ikafuata. Ukutani yakabaki macho mawili na kofia, katikati weupe mtupu kama ukuta uliopakwa chokaa.

Hakuna aliyecheka tena.

"Rudisha," mzee akasema.

"Mheshimiwa," Nirvik akajibu, jasho likimtoka, "kwa toleo hili, kinachofutwa kimefutwa."

"Kumbe. Na mkataba je, mmeuandika kwa toleo hilo hilo?"

Akainuka, akatoka. Bosi wetu alimfuata mpaka getini akiomba wiki moja.

Kazi ikahamia kwa Sanumaya. Akatenganisha vitu viwili: picha ikae chini, michoro ikae juu yake kwenye tabaka lake lisilo na rangi, kama nailoni iliyowekwa juu ya meza. Kifutio kikwangue nailoni, meza isiguswe. Alimaliza mchana mmoja, na katikati alishuka kula momo za nyama zilizopikwa kwa mvuke. Shule ikakubali, ingawa Bwana Hiranya alituma ujumbe kwamba picha yake isitumiwe.

Nirvik alikwenda mezani kwa Sanumaya.

"Dada, nionyeshe."

Akamwonyesha, hatua kwa hatua, bila neno la kuchoma. Mimi nisingeweza. Niliona masikio ya Nirvik yamekuwa mekundu, nikadhani mtu amejifunza.

Jumatatu walikuja wafanyakazi wapya wawili. Nirvik akawachorea ubaoni matabaka mawili, akagonga la juu kwa kalamu.

"Siku zote nimekuwa nikiwaambia watu hapa," akasema, "kifutio si rangi nyeupe."

Sanumaya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa spika zake za masikioni, akaendelea na kazi.