Kibuyu cha Chebet Nilichokiosha kwa Sabuni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu hapa Nakuru. Binti wa fundi wa reli, niliyekulia katika nyumba za reli, na niliyejiona mjuzi wa kila jambo la usafi. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Chebet wa Kuresoi. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando alichopewa na bibi yake, ambaye alimwita Kogo. Tulikuwa tumekwisha kupendana kiasi cha kuazimana sweta.

Jumamosi hiyo Chebet alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikachungulia ndani ya kibuyu kitupu, nikaona weusi. Kwa nia njema kabisa (naomba uamini hilo) nikakijaza maji moto na sabuni, nikakisugua kwa waya mpaka weusi ukatoka wote, kisha nikakianika dirishani, nikingoja sifa.

Aliporudi alikinusa, akaketi kitandani. "Umekiosha na sabuni?" aliniuliza polepole. "Huo ni mkaa. Kogo aliupaka mwenyewe, ndio unatunza maziwa. Kwani uliona sisi ni wachafu?"

Jirani yetu akachungulia mlangoni akisema nisipoangaliwa, nitamsugua Chebet mwenyewe kwa waya. Chebet hakutabasamu. Alianza kukusanya vitabu vyake, akanieleza kwamba Jumatatu angemwomba mlezi wa bweni chumba kingine.

Nilimsihi anipeleke kwanza kwa Kogo nikakiri kosa. Alikubali shingo upande, na kesho yake tukapanda gari hadi Kuresoi. Nilieleza yote. Kogo alinitazama mikono, akacheka hadi kitambaa kikamteleza kichwani.

"Mikono yako haina shida, msichana wangu," alisema. "Ni mdomo ulikataa kuuliza."

Kile kibuyu hakikufaa tena, kwa kuwa kilikuwa kimenyonya sabuni. Akaleta kipya, akanipa kijiti chenye kaa la moto nchani, akaniamuru nisugue kuta za ndani. Nilikuwa nikikosea kila mara, hata Chebet akashindwa kuvumilia. Akanishika kiganja, akanionyesha namna ya kuzungusha. Jumatatu hakwenda kwa mlezi wa bweni. Tumezeeka tukiitana dada.

Mwanangu, huko chuoni utapangiwa chumba na mtu ambaye chakula chake, sala zake na maamkizi yake si yako. Usiwe na haraka ya kumrekebisha. Muulize, nawe usikilize jibu mpaka mwisho wake. Na utakapokosea, kwa maana utakosea, usijikinge kwa nia yako njema. Nenda mwenyewe ukaseme, na ukubali kufundishwa.

Mungu akujalie rafiki atakayekukasirikia waziwazi, na akupe moyo wa kumfuata hadi kwao.