Nyumba niliyoiombea wanalala kuku

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni mgane wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, mpangaji wa chumba kimoja Igoma. Nyumba yangu, iliyokuwa karibu na ziwa, iliwekwa alama ya X nyekundu barabara ilipopanuliwa. Watoto wangu wote walizaliwa pale. Tangu ibomolewe nimehama vyumba saba, na kila nikihama vitabu vinapungua, maana wenye nyumba hawapendi mpangaji mwenye maboksi mengi.

Miaka michache iliyopita nilijiunga na kikundi cha kujenga nyumba za gharama nafuu katika kijiji kimoja upande wa Bujora. Utaratibu ulikuwa mzuri: wanachama wanafyatua tofali kwa zamu, wafadhili wanatoa saruji na bati. Mwenyekiti nilimfundisha darasa la tano. Alisema mgongo wangu hauwezi mashine ya tofali. "Wewe Mwalimu kaa na kalamu, udongo tuachie sisi." Basi wenzangu wakifyatua, mimi nikaandika andiko la mradi. Nilieleza habari za mzee aliyebomolewa nyumba akabaki anahamahama na vitabu vyake. Sikutunga kitu. Wafadhili walisoma, wakakubali.

Siku ya uzinduzi mwenyekiti alivaa kofia ngumu ya ujenzi, ambayo huonekana wageni wakija tu. Nikakabidhiwa ufunguo wa nyumba ya kwanza mbele ya kamera. Nilifungua, nikasimama katikati ya sebule nikiwaza rafu ya vitabu itakaa ukuta gani. Wageni walipoondoka, katibu alinifuata akanyoosha mkono. Akasema ufunguo ule ulikuwa wa picha. Daftari la zamu halina jina langu, sikufyatua hata tofali moja, na masharti ni masharti. Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kofia yake.

Nyumba akapewa shemeji wa mwenyekiti, ambaye naye hakuwahi kushika udongo, ila jina lake limo daftarini kila wiki, kwa mwandiko mmoja na wino mmoja. Hata kughushi hawakujisumbua kughushi vizuri. Shemeji ana nyumba Nyakato. Hii amefugia kuku wa mayai. Nilichungulia dirishani nikawaona, mabanda yamepangwa kwenye ukuta ule ule wa rafu yangu.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja Igoma na kilo ya sukari. Akaniamkia vizuri, akakaa kitandani maana kiti ni kimoja. Akaeleza kwamba wafadhili wako tayari kwa awamu ya pili, ila wanataka andiko jingine, na wameulizia yule mzee wa vitabu anaendeleaje.

"Waandikie kwamba nyumba umeshaizoea," akasema, bila hata kuona aibu.

Huyu nilimfundisha kuandika insha. Leo anataka nimwandikie uongo kwa sababu hata kuupanga mwenyewe hawezi. Akaahidi kwamba nyumba ya mwisho ya awamu hiyo itakuwa yangu. Nikamuuliza kama na hiyo itakuwa na kuku. Akacheka, kana kwamba tunataniana.

Ningewaandikia wafadhili ukweli siku ile ile. Aliyenizuia ni Mama Kulwa, mjane aliyefyatua tofali zake zote huku mapacha wake wakicheza kwenye rundo la mchanga. Kuta zake zimefika kwenye linta na zinasubiri bati za awamu ya pili. Nilikwenda kumweleza ninachokusudia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa udongo.

"Mwalimu, wewe ukishasema utapumua," akaniambia. "Mimi na wanangu nani atatuezekea?"

Wako wanane kama yeye. Nilirudi Igoma nikashika kalamu.

Sasa mezani nina barua mbili. Ya kwanza inasema nyumba nimeizoea, na imeandikwa vizuri kiasi kwamba naona kinyaa kuisoma. Ya pili ni ukurasa mmoja, ina shemeji, daftari na kuku. Wafadhili wanasubiri mpaka Ijumaa. Mwenyekiti simwogopi wala simheshimu. Ninayemwogopa ni Mama Kulwa, mvua za kwanza zitakapomnyeshea ndani ya kuta zake, akanitazama.

Wanangu mnaosoma hapa, bahasha ni moja. Niambieni, nitie barua ipi?