Kiwavi wa Ufuta

Ngowa wa Ganda amechoka, na haoni haya kusema. Magoti yamemwisha kwa kuinama miaka yote ile akiwatafutia watafiti viwavi wenye pembe mkiani. Watafiti walikwenda zao, mazoea yakabaki. Hata leo akipita kwenye viazi vitamu huinua jani, akamtambua kiwavi na kukuambia atakuwa nondo gani. Sisi majirani humcheka, mtu mzima kuhangaika na wadudu.

Mwezi uliopita mtoto wa Mwaro alishikwa na homa. Nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni akaingia chumbani mwake, na alipokamatwa akalia kama panya. Mtoto alitibiwa zahanati akapona, lakini maneno yalikuwa yameshaanza. Aliyetajwa kuwa mchawi ni Hawe Nyevu, bibi kizee mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Huku kwetu wazee wameuawa kwa maneno kama hayo, na inaniuma kuyaandika.

Ngowa akajikokota hadi kwa Mwaro, amebeba kiwavi mnene wa manjano.

"Yule nondo hakutumwa na mtu," alisema. "Alikuwa kiwavi kama huyu. Alikula majani, akajifukia mchangani, akatoka na mbawa. Ni mdudu tu."

Mwaro alimtazama kiwavi kwa makini. "Umemtoa wapi?"

"Kwenye ufuta."

Upande wetu, aliyepanda ufuta msimu huu ni Hawe Nyevu peke yake.

"Kumbe anawafuga," alisema Linet, mkewe Mwaro, taratibu, kama mtu aliyeelewa somo.

Ngowa akaapa kwamba viwavi hao hula biringanya pia, hata za Mwaro. Akaenda kupekua miche yao jani kwa jani, magoti chini, jua likimchoma utosini. Hakupata hata mmoja. Mwaro alikuwa amepiga dawa wiki iliyotangulia.

Ngowa alimkuta Hawe Nyevu mlangoni pake, anapepeta mahindi.

"Umewaeleza, mwanangu?"

"Nimewaeleza, Hawe."

"Wamekuamini?"

Ngowa aliketi chini kwanza, kwa uchovu.

"Wameamini kila neno," alisema. "Funga nguo zako nikupeleke kwa binti yako kule Tezo, kabla jua halijatua."