Siku Niliyong'ang'ania Ndevu za Mzee Seif

Jamani, hili nimelificha miaka, na hata sasa nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kwa kuwa mmenibana, haya, kaeni mkao wa kula. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nafundisha elimu ya watu wazima huko Ntalikwa, kijana wa kujipenda, ila macho mabovu kweli (bila miwani nilikuwa naweza kumsalimia ng'ombe), na nilikuwa nimeposa mjini Tabora kwa Mzee Seif, fundi cherehani mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani. Binti yake ni Zuwena. Sasa baba yangu mdogo, aliyepeleka posa, alipoulizwa kama kijana ana kilema chochote, alijibu bila kupepesa, "Huyo hana hata ukucha mbovu!" Basi tangu hapo kila nikienda kwao miwani naitia mfukoni, naingia taratibu nikipapasa ukuta, wao wanadhani ni adabu. Jibu la posa tuliahidiwa Ijumaa, na haya yalinikuta Jumatano.

Siku hiyo kijiji kina sherehe ya mavuno na darasa langu limeandaa mchezo wa kumfukuza beberu, na beberu ndiye mimi! Rafiki yangu Maganga, mrina asali, alinitengenezea kichwa kwa mzinga mkuukuu wa gome, akauziba juu, akaupaka chokaa, akapachika pembe za mbuzi na kutoboa matundu mawili ya macho. Kilinishuka mpaka mabegani, kinanukia asali, nami nilikipenda mno, tangu asubuhi nazunguka nacho nanguruma. Tatizo, miwani haikuingia ndani.

"Tuifunge kwa nje, juu ya matundu," akasema Maganga. "Beberu mwenye miwani! Watu watavunjika mbavu."

Ningekubali, wallahi, lakini dakika ileile nikaambiwa Mzee Seif ameshafika na familia yake (alialikwa kwa sababu ndiye aliyeshona sare za vijana wetu). Nikaichomeka miwani mfukoni, nikamwambia Maganga asijali. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi: nitoke, nihesabu hatua ishirini kwenda mbele, mwishoni nimkute yeye Maganga kwenye kigoda, kavaa kanzu nyeupe na ndevu za pamba, mkulima mnyonge. Nizinyakue ndevu zing'oke, watu wazomee, wakulima wanitimue. Tulifanya mazoezi siku nne nzima, sasa macho ya nini?

Nikatoka. Uwanja ukalipuka! Ngoma inadunda, watoto wanapiga mayowe, nami natanua mabega, moja, mbili, tatu, na nilipofika tisa nikasikia vuuu sikioni. Nyuki! Mmoja tu, nadhani alikuwa amekuja kudai nyumba yake. Nikaruka, nikazunguka, sijui mara moja sijui mbili, alipotoka nikaendelea kumi, kumi na moja, na mle ndani ngoma inasikika pande zote. Ishirini. Mbele yangu weupe wa kanzu, juu yake weupe wa ndevu. Nikanyakua.

"Toa mahindi yote, we mzee!"

Hazikung'oka. Nikajua Maganga kazibandika kwa nta, mpumbavu yule, basi nikaegemeza mguu kwenye kiti nikavuta kwa mikono miwili, na watu wakazidi kupiga kelele, wengine wamesimama, nami kichwa kinanivimba nikijiambia kumbe nina kipaji hivi! Ndipo nikasikia sauti ya Maganga, mbali kabisa, nyuma yangu.

"Mwalimu! Mimi niko huku!"

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Sasa huyu ni nani?"

"Ni yule aliyetaka kuwa mkweo," akajibu mwenye ndevu.

Nikauvua ule mzinga, nikapiga magoti na kuushika mguu wake. "Shikamoo baba, nisamehe baba, shetani tu baba." Nikambembeleza zaidi, karibu nilie. Kisha nikasikia sauti ya kike pembeni yangu.

"Hilo ni gunia. Baba yuko kulia kwako."

Alikuwa Zuwena. Akanitia miwani mkononi, ilikuwa imenidondoka wakati navuta. "Unadhani nilikuwa sijui?" akasema polepole. "Mwezi uliopita ulimpa mdogo wangu shikamoo."

Nikaivaa. Na jamani, kwa mara ya kwanza nikamwona Zuwena sawasawa, mpaka kidoti kidogo juu ya mdomo, na moyo ulinienda mbio kuliko ngoma ile. Sikujua kabisa kama ni mzuri namna ile.

Mzee Seif alikuwa anajipapasa kidevu. "Unaona sasa?"

"Naona, baba."

"Basi mbona ulikuja kuposa usichokiona?"

Ijumaa jibu lake lilikuja: tumekubali, ila bwana harusi avae miwani yake, na baba mdogo asiongee. Tangu siku hiyo nimeapa siivui mbele ya mtu yeyote, na kichwa cha kuvaa sitaki hata cha karatasi. Mzee Seif naye, mpaka anazeeka kabisa, nikiingia kwake na kusema shikamoo, hushika ndevu kwanza, ndipo huitikia marahaba.