Rangi ya Kisima cha Kwao

Mwaka wangu wa kwanza katika kliniki ya meno pale Kalangalala, mjini Geita, niliamini kwamba meno ya kahawia ni dhuluma. Chuoni tulifundishwa kuwa maji ya baadhi ya visima vya upande wa Shinyanga yana floridi nyingi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yangali yanajijenga huota meno yenye madoa yasiyotoka kwa mswaki. Kwa hiyo alipokuja mama mmoja muuza vitenge, mzaliwa wa huko, aliyeng'oka meno mawili ya mbele alipoanguka na bodaboda, nilijiona nimepewa nafasi ya kusahihisha kosa. Sikumuuliza anataka rangi gani. Katika vijino vyangu vya mfano nilichagua cheupe, nikamtengenezea.

Siku ya kuyavaa alijitazama kwenye kioo akafunika mdomo kwa kiganja. Mdogo wake, aliyemsindikiza, ndiye aliyesema.

"Dada, umeazima meno ya nani?" Akacheka mpaka akashika kiti.

"Mwanangu," yule mama akaniambia, "Jumamosi binti wa huyu anaolewa. Nitakaa na ndugu zangu mbele ya wakwe. Nikicheka, watasema dhahabu ya Geita imenipanda kichwani. Nishinde nimefumba mdomo kwenye harusi ya mtoto wetu?"

Nilikuwa na hotuba nzima ya kumjibu. Niliimeza. Zilibaki siku mbili, na katika vijino vyangu hapakuwa na hata kimoja chenye mistari ya kahawia. Ndipo nikamgeukia mdogo wake, aliyekua akinywa maji ya kisima kilekile.

"Shikamoo tena, mama. Naomba meno yako."

"Marahaba. Mimi sina pengo!"

"Ndiyo maana ninayahitaji."

Tulitoka barazani, kwa kuwa taa za ndani hudanganya. Nilimsihi ayalambe meno mara kwa mara, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. "Lile lililooza usilichore," akanionya. Nilichora mstari kwa mstari, kwa brashi nyembamba, juu ya yale meno mawili meupe ya dada yake, na kila mstari ulinichoma: nilikuwa ninaiga kwa ustadi kitu nilichoapa kukipinga.

Kesho yake dada wawili walisimama uso kwa uso wakakenuliana kama watoto.

"Hayo sasa ni ya kwetu," mdogo mtu akasema.

"Wabeja, mwanangu," mama akanishukuru, akacheka wazi, bila kuinua mkono kinywani.

Nikamuuliza mdogo wake kama bibi harusi naye anayo madoa.

"Anayo. Sote tunayo. Hata kitindamimba wangu atayapata tu, kisima ni hichohicho."

"Ana umri gani?"

"Mitatu. Njoo harusini, utamwona."

Walicheka wakielekea stendi. Mimi nilibaki barazani na brashi mkononi, nikihesabu: miaka mitatu, meno yake ya ukubwani bado yamo ndani ya fizi, bado yanajijenga.